Karani Aliyetaka Kuona Watu Wakikimbia

Karani hakuamini uso wa mtu, wala maneno yake, wala barua ya mchungaji iliyosema kwamba mwenye barua hii ana tabia njema. Aliamini miguu. Ukimwuliza kuhusu jirani aliyeishi naye ua kwa ua tangu ujana, angejikuna kidevu na kusema, "Huyo? Huyo bado sijajua. Sijaona yeye akikimbia."

Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililonichelewesha kuoa kwa miaka miwili, na kwa sababu sasa hayupo wa kunikatiza. Alikuwa bingwa wa kukatiza. Ungeanza kisa chako vizuri, umefika penye utamu, watu wameacha hata kunywa chai, naye angeuliza kama siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha.

Nilimfahamu miaka kumi na saba. Miwili ya kwanza nilikuwa mgeni aliyemtaka binti yake, na iliyobaki nilikuwa mkwe wake. Muda huo wote sikuwahi kusikia mtu akimwita kwa jina. Mkewe alimwita Karani, na watoto wake vilevile. Siku ya harusi yetu mchungaji aliuliza baba ya bibi arusi yuko wapi, na hakuna aliyeinuka. Watu wakaanza kutazamana. Mtu akanong'ona, "Anataka Karani," ndipo mzee akasimama, akakung'uta suruali na kusema, "Si ungesema hivyo."

Alikuwa karani wa majani chai kwenye senta yetu, upande wa Kimulot, pale barabara ya udongo mwekundu inapoteremka kabla ya kuanza kupanda kuelekea msituni. Kwa wasiojua, senta ni banda la mabati ambako wakulima huleta majani waliyochuma. Unamwaga mfuko wako juu ya meza, karani anakagua, na yakimridhisha yanapimwa na kupakiwa kwenye lori. Kinachotakiwa ni majani mawili na chipukizi. Kikizidi hapo, Karani alikivuta kwa vidole viwili, akakiinua juu foleni nzima ikione, na kuuliza, "Hii ni nini?"

Hakuna aliyewahi kupata jibu zuri la swali hilo. Mzee mmoja wa kanisa, mtu wa maneno mengi, alijaribu. Alisema, "Hiyo ni makosa tu, Karani." Karani akamjibu, "Makosa haikauki vizuri kiwandani," na kumrudishia mfuko mzima.

Mkewe pia alirudishiwa, tena mbele ya watu. Siku kama hizo nyumbani hakukuwa na ugali, na Karani angekuja dukani kwangu na ndizi mbili, akakaa juu ya mfuko wa chumvi ya ng'ombe, akala kimya akitazama barabara. Sikuuliza. Niliuza dawa za mifugo, na nilikuwa nimejifunza kwamba mnyama anayekula kimya huachwa ale.

Mtu pekee aliyemzungumzia Karani vibaya usoni kwake alikuwa Kogo. Huku kogo ni bibi, na kila nyumba inaye wake, ila ukisema tu Kogo kwenye senta yetu watu walijua ni yule mjane jirani yake, mfupi, mwenye fimbo, aliyechuma peke yake kashamba kake na ambaye macho yake hayakuona tena tofauti ya jani laini na gumu. Kila siku Karani alimkatalia majani. Kila siku Kogo alimtukana kwa Kikipsigis, matusi ya zamani ambayo vijana walikuja kuyasikiliza kama wanaokuja shuleni. Karani angemwonyesha kwa kidole akae kando, nyuma ya banda. Kisha foleni ikiisha aliinama juu ya rundo la yule mama na kulichambua mwenyewe, kijiti kwa kijiti, akinung'unika kwamba watu wengine walipaswa kufuga kuku. Halafu aliyapokea. Alifanya hivyo miaka na miaka, na ukimshukuru kwa niaba yake alikasirika.

Nyuma ya banda hilohilo kulikuwa na choo cha mabati. Kilijengwa kwa michango ya wakulima wote, lakini Karani alikuwa ameandika mlangoni kwa rangi nyekundu WAFANYAKAZI PEKEE. Mfanyakazi alikuwa mmoja. Mlango haukuwa na kufuli kwa nje, ila komeo la ubao kwa ndani, na bado hakuna mkulima aliyethubutu kukigusa. Akina mama waliobanwa walitembea hadi shuleni.

Basi turudi kwenye miguu. Karani alishikilia kwamba mtu wa kawaida, siku ya kawaida, ni nguo alizovaa tu. Anakuambia chamgei, unamjibu, mnaulizana habari ya ng'ombe, na hakuna aliyemjua mwenzake. Lazima hatari imshukie ghafla, asipate hata nafasi ya kupanga uso. Hapo ndipo unaangalia ameshika nini, ameacha nini, na amemkanyaga nani.

Alikuwa na mifano, na kila mmoja alikuwa nao kichwani mpaka kwenye rangi ya soksi. Kuna mhubiri mgeni aliyekuja kwenye mkutano wa injili uwanjani. Akasema yuko tayari kufa kwa ajili ya kondoo wake. Mvua ya mawe ikaanza, na mvua ya mawe ya kwetu haipigi hodi. Mhubiri alichukua sufuria ya chai ya wageni, akaimwaga chai yote nyasini, akaivaa kichwani na kutoka nduki. Watu walimsamehe, maana mawe yalikuwa makubwa. Karani hakuwa na la kusamehe wala kulaumu. Alisema, "Sasa namjua. Ni mtu wa sufuria."

Halafu kulikuwa na mlevi mmoja ambaye hakuna mtu angemwazima hata jembe. Siku ya mnada wa ng'ombe fahali alikata kamba. Wanaume walipanda ua, wengine walipanda wenzao. Yule mlevi alivua shati, akasimama katikati ya njia akimpungia fahali na kumwita majina ya shemeji zake, mpaka mzee mmoja kiwete akavuka upande wa pili. Tangu siku hiyo Karani alimwazima mlevi chochote alichotaka, ikiwemo baiskeli, ambayo haikurudi. Tulimwuliza kama bado anamwona mtu mwema. Akashangaa. "Nilisema ni mtu mzuri," alisema. "Sikusema anajua kurudisha baiskeli."

Mkewe ndiye aliyewahi kumwuliza, "Na wewe nani amekuona ukikimbia?" Karani alifikiri, kisha akajibu kwamba yeye yuko kazini. Lakini kila mtu alijua alizunguka njia ndefu kukwepa bata bukini wa shule.

Nilifika huko nikiwa na miaka ishirini na minne, kutoka Kinangop, kwa watu wa kabila lingine, kuendesha duka la binamu yangu. Baada ya mwaka nilijua majina ya ng'ombe wote wa eneo hilo na magonjwa yao, na bado niliitwa Mgeni. Sikuona ubaya. Walisema bila chuki, kama vile mtu mwingine anavyoitwa Fundi. Ila mgeni katika nchi ile husikiliza zaidi ya anavyosema, na mama yangu alinipigia simu kila Jumapili kuniuliza kama watu wa huko wako sawa na mimi. Nilimwambia wako sawa. Angeniuliza tena.

Chebet alikuja kununua dawa ya minyoo ya ndama. Alinicheka kwa namna nilivyofunga kifurushi, akakifungua, akakifunga upya, akaniachia nitazame vile kinavyofaa kuwa. Nilikuwa nimekwisha. Baada ya miezi kadhaa ya dawa za minyoo ambazo ndama yule hakuzihitaji, nilipiga moyo konde na kwenda kwa baba yake.

"Kwenu ulitoka kwa nini?" aliniuliza.

"Kutafuta maisha, mzee."

"Na huko maisha ilikuwa imeenda wapi?"

Nikamweleza nia yangu. Akasikiliza, na kwa mara ya kwanza hakunikatiza, jambo lililonitisha zaidi. "Mgeni," alisema mwishowe, "sikatai. Na sisemi ndiyo. Mimi sijakuona wewe ukikimbia. Ukae tu."

Nikakaa miaka miwili. Msinicheke, lakini wakati mmoja niliamua kumpa alichotaka. Shule iliandaa mbio za kuchangisha ujenzi wa darasa, nami nikajiandikisha, mimi, mtu wa Kinangop, katikati ya watu wanaokimbia kama wengine wanavyopumua. Karani alisimama kando ya barabara. Nilimpita nikiwa wa mwisho, nyuma ya mama mmoja aliyebeba mtoto mgongoni, na mtoto alinipungia mkono. Jioni nilimwuliza, "Mzee, sasa umeniona?"

"Hiyo ni mazoezi," akasema.

Siku yenyewe ilipokuja sikuwa nimejiandikisha. Ilikuwa Januari, jua kali, majani machache na nyuki wengi. Wajomba zangu walikuwa wamechoka kungoja na walitaka kuja Jumamosi kuzungumza posa, iwe iwavyo. Nilikwenda senta nipate neno la mwisho. Ili nionekane mtu wa maana nilivaa suti nyeusi ya sufu na kujipulizia manukato, mengi. Chebet alikuwa kwenye foleni na mfuko wake mgongoni. Aliniangalia juu hadi chini.

"Nyeusi? Na hiyo harufu? Unaenda kuoa ama kuzikwa?"

"Namngoja baba yako."

"Ngojea mbali na maua basi."

Karani alikuwa ameshika kijiti cha Kogo juu, ameshauliza ni nini, na Kogo ameshamjibu, na amekwisha kwenda kukaa kando nyuma ya banda kama kawaida. Lori lilikuwa likirudi kinyumenyume. Mbele ya banda kulikuwa na mti mkubwa, na kwenye mti kulikuwa na mzinga wa mtu, uliokaa hapo miaka bila kumsumbua yeyote. Chuma cha juu cha lori kilinasa tawi. Tulisikia tawi likivunjika. Mzinga ukaanguka mbele ya banda na kupasuka vipande viwili, na kwa kitambo kidogo hakuna kilichotokea.

Halafu nyuki wakatoka.

Hapa ndipo watu wa chai walipofanya kosa ambalo sidhani watu wengine wangelifanya. Hawakukimbia. Waliinama. Foleni nzima, watu wazima, wazazi na wazee wa kanisa, waliinama kuokoa majani, maana majani yakikanyagwa Karani atayakataa. Nyuki walipata migongo imepangwa mstari. Ndipo makelele yakaanza. Yule mzee wa kanisa wa maneno mengi alimwaga majani yake na kutia kichwa ndani ya mfuko, akasahau kwamba mifuko yetu ni ya neti. Mwanakwaya mmoja aliruka ndani ya lori na kupandisha kioo, dereva akiwa nje anagonga. Wengine, wale waliokumbuka walichofunzwa utotoni, walijirusha shambani na kulala chini ya michai, uso kwenye udongo. Chebet alikuwa mmoja wao. Hakuumwa hata mara tano.

Mimi sikujua hayo ya kulala chini ya michai. Lakini sitaki kujificha nyuma ya kutojua. Sikumwangalia Chebet. Sikukumbuka kama yupo. Manukato yangu yalikuwa yamewaita nyuki wote wa upande wa Kimulot, na nilipiga mbio ambazo kama ningezipiga siku ya shule ningeshinda. Niliona choo. Nilisukuma mlango wa WAFANYAKAZI PEKEE bega kwa bega na mtu mwingine, tukakwama mlangoni, tukajipenyeza kwa nguvu, tukaangukia ndani. Yule mwingine alikuwa Karani.

Nilisukuma komeo. Ndani kulikuwa na giza na sauti ya nyuki wakigonga mabati. Tulihema.

Kisha mlango ukagongwa, kwa fimbo.

"Fungua! Fungua, ni mimi Kogo! Nakufa!"

Nitasema kama ilivyokuwa. Nililishika komeo kwa mkono wa kulia na kulikandamiza mpaka mwisho. Mkono wa Karani ukaja juu ya wangu, mkavu, wenye magaga ya utomvu wa chai, ukanibana vidole kwa nguvu mpaka nikaumia. Nikawaza, tuko wawili. Sitasahau kwamba wazo hilo lilinifariji. Kogo aligonga tena, akaita tena, akamwita Mungu, na sisi hatukufungua. Kisha akaacha kugonga.

Tulipotoka, alikuwa amelala hatua tatu kutoka mlangoni, amejifunika leso kichwani, na leso ilikuwa inatembea kwa nyuki. Nikambeba mgongoni. Nilipanda naye kilima hadi zahanati, alikuwa mwepesi kama mfuko wa siku mbaya, na nililia njia nzima, kwa kuumwa na kwa aibu. Karani alitufuata nyuma akiwapiga nyuki kwa koti langu la suti, akimsemesha Kogo kwa Kikipsigis bila kunyamaza. Muuguzi alichomoa miiba mpaka akaomba kiti. Kwa siku nne hatukujua kama atapona, na siku hizo nne sikufungua duka.

Alipona. Baada ya wiki akarudi senta uso bado umevimba, jicho moja limefumba lisifunguke tena, akagonga meza kwa fimbo, na foleni nzima ikageuka.

"Nyuki nimesamehe," alisema. "Nyuki haijui mimi. Nataka kujua nani alikuwa kwa choo."

Nilikuwa nimesimama pale. Niliona Chebet akiniangalia, akingoja tu, kama wote. Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua. Lakini ulikuwa mtupu, na Karani akawahi.

"Ni mimi," alisema. "Nilikuwa peke yangu."

"Na huyu Mgeni?"

"Huyu alitoka kwa majani akakubeba."

Basi nikawa shujaa. Watu walinishika mkono. Kogo mwenyewe alinishika uso kwa mikono yote miwili na kusema kongoi, kongoi, na asante hiyo ilinichoma kuliko nyuki. Jioni hiyo Karani alipita dukani, hakukaa, hakuwa na ndizi. "Leta wazee wenu Jumamosi," alisema, akaenda.

Niliuelewa mpango, au nilifikiri nimeuelewa. Waoga wawili walikuwa wamefanya biashara. Yeye alihitaji ninyamaze kwamba tulikuwa pamoja, kwa sababu zake za kizee, na mimi nilihitaji binti yake. Nikaoa. Sikumwambia Chebet. Sikumwambia mama yangu aliponipigia Jumapili kuniuliza kama watu wa huko wako sawa na mimi.

Kwa Karani, hata hivyo, ulimwengu ulikuwa umebadilika. Mtu aliyewapima watu kwa kukimbia sasa alikuwa ameonekana, na watu wa kwetu wakipata kicheko hukitumia mpaka kiishe nyuzi. Akiinua kijiti na kuuliza, "Hii ni nini?" sauti ingetoka nyuma ya foleni, "Ni mtu wa choo!" Vijana walipomwona njiani walibana pua. Yule mzee wa kanisa wa mfuko wa neti alikuwa wa kwanza kutoa mahubiri juu ya wanaowafungia milango wajane. Kogo ndiye alikuwa hodari kuliko wote. Kila siku alikuwa na jambo jipya la kumwambia kuhusu choo, na sauti yake ilifika barabarani. Karani aliendelea kumchambulia majani.

Hakujibu hata mara moja. Aliendelea kukagua majani vilevile, kwa ukali uleule. Ila hakusema tena kwamba anamjua fulani au hamjui fulani. Na asubuhi moja tulikuta ameyafuta yale maandishi mekundu. Mahali pake ameandika WOTE.

Akiwa baba mkwe, alikuwa mgumu na wa kuchekesha bila kukusudia. Wiki ya kwanza baada ya harusi alinichukua shambani, mimi na shati jeupe, akaniamuru nilale chini ya michai, uso kwenye udongo. Nikalala. Akasubiri kwa muda ambao niliuona mrefu. "Inatosha," akasema. "Sasa hata wewe unajua." Mtoto wetu wa kwanza alipozaliwa alimkagua kidole kwa kidole na kusema anafaa. Alinifundisha kukamua, kunywa mursik, maziwa yao ya kuchacha, bila kukunja uso, na kunyamaza watu wakizungumza siasa. Hilo la mwisho alilifundisha kwa kunikanyaga mguu chini ya meza.

Na bado, nitakiri, kwa miaka hiyo yote nilimdharau kidogo. Kidogo tu, pembeni ya moyo. Nilipomwona akibeba dhihaka ya Kogo nilijiambia kwamba walau yeye analipa, na mimi ninalipa kwa siri, na kwamba wote wawili tunalipa deni moja. Ilinisaidia kulala.

Mwaka jana miguu ilimkatalia kabisa. Alishinda mchana uani kwenye kiti cha plastiki, akitazama chai ya jirani na kuikosoa. Alasiri moja Chebet alinituma nimpelekee maziwa. Ilikuwa miezi mitatu kabla hajatuacha. Nilimkuta amefumba macho, nikafikiri analala.

"Mgeni," akasema, "ulikuwa na nguvu sana siku ile."

Nilijua ni siku gani. Hatukuwahi kuitaja. "Tulikuwa na nguvu wote, mzee," nikajibu, nikajaribu kucheka.

"Wewe ulikuwa unasukuma," alisema. "Mimi nilikuwa navuta."

Niliweka maziwa chini. Nikaukumbuka ule mkono juu ya wangu, vile vidole vilivyonibana mpaka nikaumia, na kwa mara ya kwanza nikaelewa vilikuwa vinaelekea upande gani. Miaka kumi na mitano nilikuwa nimesimulia kisa hicho moyoni mwangu, na nilikisimulia uongo.

"Kwa nini ulisema ni wewe?" nilimwuliza. "Peke yako. Mbele ya watu wote."

Akafungua macho. "Wewe ungeenda wapi?" aliuliza. "Mimi ni wa hapa. Wakinicheka, watacheka, watachoka. Mimi niko tu. Lakini mgeni afungie mama yetu mlango? Hiyo si ya kucheka. Duka ungefunga wiki hiyo hiyo. Labda ingechomwa. Wewe unajua hii nchi."

"Na Chebet? Ulinipa mtoto wako, na unajua nilichofanya."

Alitazama mikono yake. "Chebet alikuwa kwa foleni," alisema. "Mtoto wangu. Na mimi nilifika choo mbele yako kidogo. Sikuangalia nyuma. Sasa ningekuhukumu na mdomo gani?" Akapumua. "Halafu ulilia. Kilima yote. Nilikuwa nyuma, nilisikia. Nikasema huyu amejiona. Wengi hawajioni."

Sikuweza kukaa. Nyumba ya Kogo iko mashamba mawili kutoka pale, nami nilikwenda nikikata katikati ya michai. Alikuwa ameketi mlangoni akichambua maharagwe kwa kupapasa, maana jicho lililobaki nalo lilikuwa limechoka. Nilipiga magoti. Nikamwambia kila kitu. Nikamwambia mkono uliofunga ulikuwa wangu, na ule mwingine ulikuwa unafungua.

Aliweka maharagwe chini. Kisha akachukua fimbo na kunipiga begani, si kwa mchezo. Akanipiga tena. Halafu akanyoosha mkono nimwinue.

"Miaka yote hii nimetukana mtu bure," alisema. "Nipeleke."

Tulitembea polepole, yeye amenishika mkono kama aliyekamata mwizi. Karani alituona tukiingia uani na uso wake ukabadilika. Aliniangalia mimi kwanza, kwa lile jicho la kukagulia. "Mgeni, umefanya nini?"

"Nimesema."

"Miaka yote nimekuficha, na wewe unajitoa mwenyewe siku moja?"

Kogo alisimama mbele ya kiti chake. Alimshika Karani kichwa, akauweka mkono pale, akautoa. "Karani," akasema, "mimi nimekuja kuomba wewe msamaha. Na sasa nitacheka nani? Mimi ni mzee. Sina kazi ingine."

Karani alilifikiria swali hilo kwa makini, kama alivyofikiria kila kitu. Aliniangalia nilivyosimama pale, machozi yananitoka, udongo magotini, bega linauma. Kisha akaninyooshea kidole.

"Mcheke huyu," alisema. "Yeye sasa ni wa hapa."

Na Kogo, ambaye hakuhitaji kuambiwa mara mbili, akaanza papo hapo.